Mikono ya Mzee Kalinga

Tumpe alianguka kanisani, Jumapili ya mavuno, mbele ya watu wote. Watoto wa Shule ya Jumapili walikuwa wamejipanga mbele ya madhabahu, kati ya magunia ya viazi na kuku waliofungwa miguu, wakiimba. Binti akanyamaza ghafla, akageuza kichwa upande kana kwamba kuna mtu kamwita dirishani, kisha akaenda chini mzimamzima. Mwili ukaanza kutikisika, macho yakabaki meupe, povu likamtoka mdomoni. Kuku wakapiga kelele. Watu hawakupiga. Walirudi nyuma benchi kwa benchi, wakiwavuta watoto wao, maana kwetu Nyololo kila mtu amekua akiambiwa kwamba ukiguswa na mate ya mwenye kifafa, nawe umekwisha.

Baba yake, Sosthenes Kalinga, alikuwa palepale. Ni mzee wa kanisa yule, na siku hiyo alikuwa ameshika kapu la sadaka, karibu kabisa na mwanaye. Tusidanganyane, maana tuliokuwapo tulimwona: hakumgusa. Alisimama na kapu lake, midomo inacheza bila sauti. Aliyetoka mbio benchi la nyuma, kanga ikimdondoka njiani, alikuwa mama mtu, Tupokigwe. Yeye ndiye aliyemlaza mtoto ubavu na kumkinga kichwa kwa kiganja chake mpaka mtikisiko ukaisha.

Hofu ya Sosthenes ilianza saa ile. Tena haikuwa hofu ya kawaida, ile ya kuogopa nyoka au kuogopa mahakama. Ilikuwa ya mtu anayeogopa asichokijua, na baadaye, Mungu amsaidie, ikawa ya mtu anayeogopa anachokijua.

Kama hujawahi kupita Nyololo, nikwambie mtu huyu ni nani. Ana bucha ya kitimoto kando ya barabara kuu, pale malori ya Tunduma yanaposimama madereva wakinyoosha miguu. Mtu mpana, sauti kubwa, mcheshi, mwenye majibu kabla hujamaliza swali. Nguruwe wake anawafuata vijijini, huko Igowole na kwingine, kwa pikipiki. Na hanunui kiholela. Mnyama anaangushwa na kufungwa, anapitishiwa kijiti mdomoni asiume, kisha Sosthenes anaukamata ulimi kwa kitambaa, anauvuta, anapapasa chini yake kwa kidole gumba. Anatafuta punje, vile vijipunje vyeupe vinavyofanana na mchele uliolowana. Akizigusa, anamfungua mnyama na kuwasha pikipiki yake. Mwenye nguruwe atalia, ataapa, ataleta hadi mashahidi, lakini Kalinga hanunui punje. Hilo wateja wake walilijua na ndiyo maana walimwamini.

Lakini ulimi hausemi kila kitu. Wapo nguruwe ambao punje zao hukaa ndani ya mnofu peke yake, na nyama hiyo huijui mpaka umeshachinja. Halafu kuna jambo la kuonja. Sosthenes kwenye moto alikuwa na mkono mwepesi: nyama haijaiva vizuri, bado ina wekundu katikati, yeye ameshachomoa kipande, amekitupa mdomoni, anatikisa kichwa, anaongeza chumvi. Alionja hivyo kila siku ya Mungu, mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyeona neno.

Na kuna jambo la kunawa, ambalo ndilo lenyewe hasa. Wakati wa corona kila bucha iliambiwa iweke ndoo yenye koki na sabuni. Sosthenes aliiweka, na corona ilipopita ikawa kiota cha kuku wake, kuku akataga na kuatamia humo kwa raha zake. Baadaye akaja afisa afya, kijana mmoja mstaarabu anaitwa Liberatus, akaomba nafasi baada ya ibada azungumze habari za vyoo na kunawa kwa sabuni. Alizungumza vizuri sana. Alipomaliza, Sosthenes akasimama. Akasema anamshukuru kijana, ila Mafarisayo nao walikuwa na kampeni hiyohiyo ya kunawa, walimsumbua nayo Bwana Yesu kwa sababu wanafunzi wake walikula bila kunawa, na sote tunajua Bwana aliwajibu nini. Akauliza kama kijana katumwa na wizara au katumwa na Mafarisayo. Kanisa zima lilicheka. Mchungaji mwenyewe, Lutengano, alivua miwani akafuta machozi. Liberatus naye alicheka, kwa sababu angefanyaje, akakusanya vipeperushi vyake akaondoka.

Mzaha ule Sosthenes aliuhamishia nyumbani ukawa desturi. Kabla ya kula, Tumpe alikuwa akizunguka na jagi na beseni, akiwanawisha watu mmoja mmoja kama mtoto wa kike aliyefundwa. Akifika kwa baba yake, baba anapungia mkono: pita mwanangu, baba yako ni msafi toka ndani. Mtoto anacheka, anamruka. Kisha Sosthenes anaomba, maombi marefu yenye sauti, anakibariki chakula. Halafu anagawa nyama kwa mkono wake, kama alivyogawa baba yake na babu yake, maana kwa akina Kalinga nyama haiguswi na kijiko kabla mwenye nyumba hajaigawa. Kipande kizuri kuliko vyote alikibakiza mwisho. Tumpe anafumbua kiganja, na baba anakiweka pale. Alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Hilo naomba ulishike.

Sasa turudi kwenye anguko. Jioni ileile Mama Faustina alifika nyumbani na kikundi chake cha maombi. Ni mwanamke mwenye machozi ya karibu na sauti ya mbali, na simsemi vibaya, amewaombea wengi wenye shida na kuwapikia pia. Alimtazama Tumpe, akamshika kichwa, akatetemeka, akasema ni pepo la ukoo lililoachiwa mlango. Sosthenes aliposikia neno pepo alishusha pumzi. Aliona afadhali. Pepo alimfahamu, pepo ana adui yake na adui huyo yuko upande wetu, na zaidi ya yote pepo hutoka nje ya nyumba, anatumwa na mtu mwingine. Wakafunga na kuomba. Sosthenes ndiye aliyekuwa akimwekea mtoto mikono kichwani, asubuhi kabla ya kwenda bucha na jioni akirudi.

Na kweli, hali ikatulia. Wiki zikapita Tumpe anacheza rede na wenzake, anafanya hesabu zake za darasa la nne, anamlea mdogo wake Adrian, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kula ugali. Sosthenes akasimama kanisani akatoa ushuhuda. Alilia. Tukapiga makofi. Lakini ukimuuliza leo atakwambia kwamba hata akitoa ushuhuda ule alikuwa akimwangalia binti yake kwa pembe ya jicho, asije akageuza kichwa kuelekea dirishani.

Akakigeuza jikoni. Alikuwa anakoroga uji, akaangukia moto. Mkono wa kushoto uliungua hadi kwenye kiwiko, na Tupokigwe alipomtoa, ngozi ilibaki kwenye jiko. Safari hii mama hakumuuliza mtu. Alimbeba mgongoni, akasimamisha gari la kwanza lililopita, akampeleka Mafinga. Wakamfunga kidonda, wakampa vidonge vya kifafa, wakasema avimeze kila siku bila kuruka, na wakashauri waende Mbeya akapigwe picha ya kichwa.

Hapo ndipo Mama Faustina alipotamka neno lililomtia Sosthenes kihoro. Alimwambia kwamba ameshuhudia mbele ya kanisa kuwa Mungu kamponya mtoto. Sasa kila kidonge mtoto anachomeza ni ushuhuda wa pili, wa kumkanusha wa kwanza. Achague. Sosthenes hakulala vizuri, hakula vizuri, akawa akikata nyama anajikata vidole. Aliogopa vidonge kwa ajili ya Mungu, na aliogopa kuviacha kwa ajili ya mtoto. Mwishowe ile hofu ya Mungu ikashinda, au alichodhani ni hofu ya Mungu. Siku mkewe yuko shambani, alikichukua kile kipakiti cha vidonge akakichomeka juu, kati ya boriti na bati, na mke aliporudi akamwambia kwamba mama mwenye watoto wadogo hawezi kuacha dawa ovyo, labda panya wamebeba.

Hazikupita siku nyingi. Tumpe alianguka uani mchana kweupe, akitandaza mahindi juani, na safari hii mtikisiko haukuisha. Unatulia kidogo, unarudi. Unatulia, unarudi. Midomo ikawa ya bluu. Sosthenes alikuja mbio kutoka bucha, aproni ina damu, akamwekea mikono kichwani akaomba kwa sauti yake yote, na chini ya viganja vyake kile kichwa kidogo kikaendelea kugonga ardhi. Ndipo alipoiona hofu yenyewe, uso kwa uso. Alinyamaza. Majirani wanasema hicho ndicho kilichowatisha wao, kumwona Kalinga amenyamaza.

Mchungaji Lutengano alileta gari lake. Walikwenda kwanza Mafinga mtoto achomwe sindano ya kuutuliza mtikisiko, kisha wakapewa barua ya kwenda Mbeya na muuguzi wa kuwasindikiza. Njiani Tupokigwe alimpakata mtoto, akimhesabia pumzi kwa kiganja kifuani. Walipokuwa wanapita Makambako akauliza, bila kugeuka, "Dawa uliziweka wapi?"

"Juu ya boriti," alisema Sosthenes.

Tupokigwe hakusema kitu. Hakusema kitu Igawa, hakusema kitu Chimala, wala Uyole kwao alikozaliwa. Mchungaji aliendesha akikaza macho barabarani, na ukimya ule ndani ya gari ulimwadhibu Sosthenes kuliko matusi.

Mbeya, daktari aliyewapokea anaitwa Gwakisa, mtu wa makamo, mpole, aliyemwamkia Tupokigwe kwa Kinyakyusa hadi mama wa watu akatokwa na machozi kwa kusikia tu lugha ya kwao. Mtoto aliwekwa kwenye mashine, picha ikatoka. Daktari akawaita wazazi wote wawili, akaiwasha kwenye kioo. Kichwa cha Tumpe kilionekana kama boga lililokatwa katikati, na humo ndani, huku na huku, kulikuwa na vidoa vidogo vyeupe.

Daktari hajasema neno, Sosthenes ameshavijua. Vidoa vile alikuwa amevipapasa kwa kidole gumba maisha yake yote, na alikuwa amewafungulia nguruwe wengi na kuwaacha kwa sababu yavyo. Ilikuwa punje. Ilikuwa punje ndani ya kichwa cha mwanaye.

Daktari Gwakisa alieleza polepole. Alisema hivi ni vifuko vya mnyoo wa nguruwe, yule mrefu bapa tunayemwita tegu. Mtu akila nyama yenye punje ambayo haikuiva, anapata mnyoo tumboni, na anaweza kukaa nao miaka bila kuumwa popote. Ila mtu huyo anatoa mayai chooni. Asiponawa kwa sabuni, mayai yanabaki kwenye vidole na chini ya kucha. Akimlisha mwenzake, mwenzake anayameza, na mayai yakishaingia hutafuta mahali pa kukaa. Mengine hupanda kichwani.

Tupokigwe akauliza kama mtoto aliyapata kwa kula kitimoto.

"Hapana, mama. Haya aliyapata kwa mkono wa mtu. Na mara nyingi ni mtu wa nyumbani." Daktari akazima taa ya kioo. "Kuna yeyote kwenu amewahi kuona chooni vipande vyeupe, bapa, kama tambi? Nauliza kwa sababu kama mtu huyo yupo na hatibiwi, huyu nitamtibu, halafu mtaniletea mwingine."

Tupokigwe alitikisa kichwa, hajaona. Daktari akamgeukia baba. Sosthenes alikuwa ameviona. Aliviona tangu Tumpe hajaanza shule. Alikuwa akiviona, akivionea aibu, akivimwagia maji, akijiambia mwanaume mzima haendi kumsimulia mtu habari za chooni.

"Hapana," alisema.

Akatoka nje, akakaa kwenye ukuta mfupi pale uwanjani, chini ya mlima uliofunikwa na ukungu. Alijaribu kuomba akashindwa. Mikono yake ilikuwa magotini na hakutaka kuiangalia. Mikono ile iliyogawa nyama. Ileile iliyokaa juu ya kichwa cha mtoto asubuhi na jioni ikiamuru kitu kitoke, wakati yenyewe ndiyo iliyokiingiza. Aliona kwamba akisema, atakuwa baba aliyemlisha mwanaye ugonjwa kwa vidole vyake, na Nyololo yote itajua, na hakuna mtu atakayenunua hata nusu kilo kwake. Asiposema, nani atajua? Daktari atatibu, mtoto atapona, mambo yatapita. Alianza kulipenda wazo hilo. Halafu akamkumbuka Adrian, aliyebaki nyumbani na bibi yake, na jinsi yeye mwenyewe anavyompondea ugali kwa vidole na kumtilia mdomoni kwa sababu meno hayajatosha.

Mchungaji Lutengano alikuwa amebaki Mbeya kwa ndugu zake, akaja kuwaona kesho yake. Alimkuta Sosthenes palepale ukutani, akakaa pembeni yake. Na Sosthenes akamwambia. Alimwambia yote, ya kuonja, ya tambi, ya kucha, ya kumjibu daktari hapana. Akamalizia kwa lile lililokuwa linamkaba zaidi.

"Mchungaji, kila siku nilikiombea chakula kile. Nilisema Bwana, kibariki. Kila siku. Sasa yeye alikuwa anasikia nini?"

Watu walipita na vyakula vya wagonjwa wao.

"Sijui," alisema Mchungaji. "Nikikujibu haraka nitakuwa nakudanganya. Ila nitakwambia ninachokijua. Siku ile ulipomtania yule kijana wa afya, aliyecheka kuliko wote ni mimi. Wewe ni mchinjaji. Mimi nimekaa chuoni miaka nikisoma habari ile, najua kabisa Bwana alikuwa anasema juu ya moyo, hakusema habari za kinyesi. Nilijua, nikacheka."

Sosthenes akaomba amwombee msamaha. Akainamisha kichwa kabisa, tayari. Lakini Lutengano hakuinua mkono.

"Nitakuombea. Lakini nenda kwa daktari kwanza. Mungu atakusamehe leo hii, Sosthenes, nami nitakusamehe, na yai lililo kwenye ukucha wako halitajua kwamba umesamehewa. Litamwingia Adrian vilevile."

Sosthenes akainuka. Wanaosema kwamba alitembea kishujaa hawakumwona. Alitembea akishikilia ukuta, mara mbili alisimama akageuka kama anayerudi. Alimkuta daktari wodini, na Tupokigwe kakaa kitandani pa mtoto akimlisha uji kwa kijiko. Hakuomba kuzungumza pembeni. Aliogopa kwamba akifika pembeni ataghairi.

"Daktari, jana nilisema uongo. Mtu huyo ni mimi."

Daktari Gwakisa hakushtuka. Alisema tu kwamba amefanya vizuri kusema, na watampima, na dawa yake ni nyepesi kuliko ya mtoto. Kwake yeye ilikuwa kazi ya kila wiki. Tupokigwe ndiye aliyeshusha kijiko.

"Tangu lini?"

"Hajaanza shule."

Tupokigwe akahesabu moyoni, ungeweza kumwona akihesabu, chakula baada ya chakula, sikukuu baada ya sikukuu. Kisha akahama. Akazunguka kitanda akaenda kukaa upande wa pili, mtoto akiwa katikati yao, akaendelea kumlisha. Sosthenes alipojaribu kumsaidia kushika bakuli, alimwambia kwa sauti ya chini asiliguse.

Alipimwa, akakutwa nao. Alimeza dawa yake, na kilichomtoka siku ile hajamweleza mtu, ila kwamba alitoka chooni akiomba sabuni. Tumpe alianzishiwa vidonge vya kutuliza degedege na vingine vya kuvidhibiti vile vifuko, kwa uangalifu, wodini, kwa sababu daktari alisema vikifa kwa pamoja ubongo unaweza kuvimba na mtoto akazidiwa. Kumbe hata kupona kuna hatari yake. Sosthenes akauliza kama atapona kabisa. Daktari akasema wengi wanapata nafuu kubwa, wengine hubaki na kifafa maisha yao, na kwa Tumpe hawezi kuahidi. Sosthenes alitamani sana kumsikia Mama Faustina, ambaye alikuwa haachi kuahidi.

Walirudi Nyololo mvua zimeanza. Jambo la kwanza, kabla hata ya kuvua koti, alimfukuza kuku kwenye ile ndoo, akaisugua kwa mchanga na sabuni mpaka watu wakadhani inatoboka, akaiweka mlangoni pa bucha. Akanunua nyingine akaiweka mlangoni pa kanisa. Jumapili alisimama akaeleza kila kitu, chooni na jikoni, bila kuficha, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imesinyaa hadi wa nyuma wakawa wanauliza anasemaje. Hakuna aliyecheka. Nilimwona jirani yangu akiangalia kucha zake, na mimi nikaangalia zangu. Mama Faustina alisema baadaye kwamba shetani anaweza kuwa mnyoo pia. Hatukumbishia, alikuwa anatafuta mahali pa kuitua aibu yake, na sisi sote tulikuwa tunatafuta. Liberatus aliitwa tena, akaja na vipeperushi vyake, na wengi wakapimwa. Wateja wa bucha walipungua, kisha wakaanza kurudi, kwa sababu sasa nyama ya Kalinga huipati mpaka imekauka karibu kuungua.

Lakini nyumbani mkono wake ulikuwa haujarudi kwenye chakula. Tupokigwe alichukua upawa akawa anagawa mwenyewe, nyama na kila kitu, na mila ya akina Kalinga ikafa kimyakimya bila mtu kuitangazia msiba. Daktari alikuwa amesema Sosthenes amepona. Tupokigwe alisikia. Akaendelea kushika upawa.

Tumpe alipata anguko moja tena baada ya kurudi, fupi, juu ya mkeka. Safari hii baba yake alikuwa wa kwanza kufika, akamlaza ubavu, akamkinga kichwa. Lakini toka hapo kijiko kikianguka ndani ya nyumba ile, Sosthenes anaruka. Mtoto akinyamaza katikati ya sentensi, baba anaacha kupumua.

Siku Mchungaji Lutengano alipokuja kula nao ili kumshukuru Mungu, tulialikwa majirani wachache. Ukuta wa sebule ulikuwa na kalenda ya Dayosisi, na chini yake Tupokigwe alikuwa kapanga mabakuli. Tumpe akaingia na jagi na beseni. Dawa zilikuwa zimemfanya mzito kidogo, na mkono wa kushoto ulikuwa na kovu linalong'aa, lakini alizunguka vizuri, mmoja mmoja, sabuni kwenye kisahani. Akamnawisha mchungaji. Akaninawisha mimi. Alipofika kwa baba yake, miguu ikafuata ilivyozoea: akamruka, akatabasamu.

"Tumpe," alisema Sosthenes. "Rudi uninawishe."

Mtoto akarudi, ameshangaa. Akamimina. Sosthenes akanawa, akasugua kati ya vidole, akasugua kucha kwa kucha, kwa nguvu hadi maji yakaruka kwenye kanzu ya mchungaji. Ugali ulianza kupoa. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza, Tumpe akatua jagi, akakaa mahali pake pa siku zote, na kwa kusahau au kwa kukusudia, sijui, akafumbua kiganja mbele ya baba yake.

Sosthenes akamtazama mkewe. Tupokigwe alikuwa ameshika upawa. Akauweka chini. Akamwashiria anyooshe mikono, na yule mtu mpana, mzee wa kanisa, akainyoosha juu ya mabakuli kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha asubuhi. Tupokigwe akainama. Akaikagua mmoja baada ya mwingine, akaigeuza, akaangalia chini ya kila ukucha, bila haraka, na Sosthenes alikuwa amefumba macho.

"Tumpe," alisema Tupokigwe, "mwongezee baba yako maji."

Tumpe akainua jagi, na baba yake akakinga mikono tena, huku upawa ukiwa bado chini na sala ya chakula ikingoja.